Mbwa Asiyejua Kukaa Bure

Mume wangu alipostaafu ualimu, mtu wa kwanza kuumia nilikuwa mimi. Alikuwa mwalimu mkuu kwa muda mrefu, tena wa zile enzi za kukagua kucha na kola mstarini, na mtu wa namna hiyo humvui cheo kwa keki na zawadi ya godoro. Mwanzoni alilala tu. Alipochoka kulala akaanza kukagua jiko langu. Nikirudi kutoka zamu kituo cha afya, ninakofanya kazi ya unesi, nakuta masufuria yamepangwa kwa urefu kama watoto wa darasa la kwanza, vijiko vyote vinatazama upande mmoja, na yeye kasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, hii chumvi inakaa karibu na sukari kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ndipo ninapoiweka, Mwalimu."

"Hiyo siyo sababu. Hayo ni mazoea."

Watoto wetu walishaondoka, kila mmoja na maisha yake mikoani huko. Nyumba yetu iko pembeni mwa mji wa Songea, upande wa Matogoro, pale ambapo nyumba zinaanza kuachana, na mashamba ya mahindi yanaingia katikati. Hakuna zogo. Akimaliza jiko, Mwalimu alikuwa anakaa barazani na kuwakemea watoto wa watu wanaopita njiani. "Wewe! Chomekea shati!" "Wewe! Kiatu kimefungwa vipi hicho?" Watoto wakaanza kupita njia ya nyuma. Alipokosa hata wa kumkemea, akawa ananyamaza, anaangalia barabara, na huo ukimya ndio ulionitisha. Nimeshawapokea wastaafu wengi pale kituoni ambao presha zao zilipanda mara tu walipoanza kupumzika.

Mimi nimetokea Singida, na kwetu mbwa hakosekani nyumbani. Nikawaza: nimtafutie mbwa. Mbwa mpole, wa makamo, wa kulala miguuni kwa mtu na kusikiliza hotuba. Siku bwana mifugo wa kata alipokuja kituoni kupima presha yake, nikamweleza.

"Mbwa yupo," akasema. "Lakini yuko Madaba. Kulikuwa na wazungu, mtu na mkewe, wakifuga kondoo huko. Mzee akaugua, wakarudi kwao, kondoo wakauzwa. Mbwa kabaki na mlinzi. Anateseka, mama. Mkimchukua mtakuwa mmemwokoa."

"Ana akili?"

"Akili anazo nyingi mno."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilisikia "akili anazo nyingi", ile "mno" ikanipita.

Tulikwenda na pikapu yake siku yangu ya mapumziko, asubuhi yenye ukungu, mimi nimejifunga shuka juu ya sweta kwa sababu baridi ya Madaba mwezi wa sita haina mzaha. Tulimkuta mlinzi, mzee wa watu, akiota moto kwenye kibanda. Baada ya shikamoo na marahaba akatuonyesha kwa kidole. Zizi lilikuwa tupu. Kwenye nguzo ya zizi alifungwa mbwa mweusi mwenye kifua cheupe na miguu myeupe, manyoya marefu yaliyoshikana kwa matope. Alikuwa anazunguka ile nguzo. Alizunguka mpaka kamba ikaisha, akageuka, akazunguka upande wa pili. Ardhi pale ilikuwa imechimbika mfereji wa duara kwa nyayo zake.

"Kwa nini umemfunga, baba?" nikamuuliza mlinzi.

"Nifanyeje? Nikimfungulia anakwenda kijijini. Anakusanya kuku wa watu, anakusanya bata, siku moja kakusanya watoto waliokuwa wanakwenda kisimani, kawaleta hapa zizini wote na ndoo zao. Wazazi wakaja na mapanga. Huyu hataki kula bure, mama. Tatizo lake ndilo hilo."

Nilipochuchumaa karibu yake aliacha kuzunguka. Hakubweka wala hakutikisa mkia. Alinitazama tu, macho kwenye macho, kama mtu anayesubiri umalize kujieleza. Shingoni kamba ilikuwa imemchuna mpaka kidonda. Nilikuwa na dawa ya vidonda kwenye mkoba, mkoba wa nesi hauikosi, nikamsafisha palepale. Alitulia kimya wakati namgusa, ila mwili mzima ulikuwa unatetemeka. Nikasema tunaondoka naye.

Bwana mifugo akanieleza njiani kwamba aina hiyo inaitwa koli, mbwa wa kuchungia kondoo kutoka milima ya baridi huko Uskochi. "Wanakimbia kutwa," akasema. "Kutwa nzima, mama. Hawachoki."

"Atazoea kupumzika," nikasema.

Bwana mifugo alikaza macho barabarani.

Mwalimu alitupokea getini. Alimtazama mbwa, mbwa akamtazama. Waliangaliana muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Huyu mbwa ananisahihisha," akasema mume wangu.

"Nimekuletea rafiki."

"Sikuomba rafiki. Na jina simpi. Ukishampa jina, basi amekaa. Akae hapa mpaka kidonda kipone, arudi alikotoka."

Kwa hiyo mbwa hakupewa jina. Lakini Mwalimu alikuwa akimwambia "Wewe" kutwa nzima, wewe toka hapo, wewe acha hicho, na baada ya siku chache mbwa alishaelewa kwamba Wewe ndiye yeye. Jambo hilo lilituletea matatizo. Mwalimu akimkemea mtoto njiani, "Wewe!", mbwa anachomoka nyuma ya nyumba kama risasi, anafika mbele yake, anakaa, anasubiri maagizo. Na maagizo hayapo.

Kidonda kilipona haraka. Uvumilivu wetu ndio uliochelewa. Nilikuwa na kuku wangu wa kienyeji, wamezoea kutawanyika uwanjani kama kuku wenye heshima zao. Siku ya kwanza tu alipofunguliwa, Wewe aliwazunguka mara moja, akainama kifua chini, akawakazia jicho, na kuku wote wakaenda kwa mstari mpaka jikoni kwangu. Nikawatoa. Akawarudisha. Nikafunga mlango. Akawapanga mlangoni. Kuku waliacha kutaga. Jogoo, ambaye alikuwa mkorofi wa mtaa mzima, alipanda juu ya choo na hakushuka mpaka jioni.

Alijifunza kufungua komeo la geti kwa pua. Alichimba kitalu changu cha mchicha akitafuta sijui nini. Alitafuna mguu mmoja wa kiti cha barazani, mguu mmoja tu, taratibu, hadi siku Mwalimu alipokaa akajikuta anaangalia mbingu. Tukimfunga, anazunguka, na nikiuona ule mfereji unaanza kuchimbika uwanjani kwangu namfungulia mwenyewe.

Lakini aliyepata tabu zaidi ni mume wangu, kwa sababu mimi nina kazi ya kukimbilia. Yeye alibaki naye. Akilala kidogo baada ya chakula cha mchana, anafumbua macho anaona uso mweusi umesimama sentimita chache kutoka kwenye pua yake, unasubiri. Akihamia kivulini, Wewe anamrudisha barazani kwa kumsukuma nyuma ya goti. Akienda chooni anasindikizwa, akitoka anapokelewa.

"Mama," aliniambia siku moja nilipoingia tu, hata mkoba sijautua, "huyu mbwa ananipangia ratiba."

"Inakuwaje?"

"Saa nne hataki niwe ndani. Nikiingia ananitoa. Mimi nimeongoza shule, nimeongoza walimu walevi, sijawahi kuongozwa na mbwa."

Nilitamani kucheka, ila alikuwa amevaa viatu vya raba, na raba hizo sikuwahi kumwona nazo tangu tuoane. Nikautua mkoba.

Mambo yalikuja kuharibika Jumamosi ya jumuiya yetu ya kanisa. Zamu ya kusali ilikuwa imefika kwetu. Niliamka mapema, nikapika maandazi, nikapanga viti uwanjani kwa nafasi nzuri ya watu wazima, kila mtu na hewa yake. Wewe nilimfungia stoo na nikaweka tofali mlangoni. Wanajumuiya wakaja, kina mama wengi na wanaume wachache, mwenyekiti wetu akiwa mama mmoja mwenye mwili wake, mfanyabiashara wa vitenge sokoni, mwenye sauti inayoweza kusimamisha basi.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili nilipomwona Wewe amesimama kando ya mtungi wa maji. Tofali sijui alilifanyaje. Alitazama ule mpangilio wangu wa viti, na nikaona kabisa kwamba haumridhishi.

Alianza kwa mbali, akizunguka taratibu, tumbo chini. Mama wa pembeni alimwona, akasogeza kiti ndani kidogo. Jirani yake naye akasogeza. Wimbo ukaendelea. Alipozunguka tena, viti vikasogea tena. Hakuna aliyetaka kuonekana anamwogopa mbwa katikati ya sala, kwa hiyo kila mtu alisogea huku akiimba, macho mbele. Somo lilipoanza kusomwa watu walikuwa wamebanana magoti kwa magoti, na msomaji amekalia mkono wa mtu.

Mwenyekiti akanyanyuka, akaninong'oneza kwamba anakwenda msalani. Alipiga hatua kidogo tu. Wewe akamfikia mbele, akalala chini, akamkazia lile jicho.

"Nesi," mwenyekiti akasema, sauti imepanda, "anataka nini huyu?"

"Anataka urudi, mama."

"Nikikataa?"

Mwenyekiti alijaribu kushoto, mbwa akawa kushoto. Akajaribu kulia. Mwishowe alirudi kinyumenyume mpaka kwenye kiti chake, akaketi, akasawazisha kitenge chake, akasema kwa heshima kubwa, "Tuendelee na sala. Leo jumuiya yetu imekuwa kitu kimoja."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Nilicheka nami, kwa aibu, machozi yananitoka. Nilipogeuka kumtafuta Mwalimu nikaona hacheki. Alikuwa amesimama barazani, uso umemshuka. Watu walipoondoka, kila mmoja akisindikizwa na mbwa hadi getini na kuhesabiwa, Mwalimu aliniambia kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali: "Anarudi Madaba. Tumekuwa kichekesho."

Hatukusemezana vizuri siku hizo. Nilimwambia kule hakuna mtu wa kumtazama, atafungwa tena kwenye nguzo. Akasema hilo tulizungumze na bwana mifugo. Nikamwambia yeye mwenyewe ameanza kulala vizuri, amepungua tumbo. Akasema tumbo lake siyo mada. Bwana mifugo alikuwa na safari ya kwenda huko wiki hiyo, akakubali kupita asubuhi kumchukua.

Asubuhi hiyo nilikuwa mapumziko. Mwalimu alimfunga Wewe kamba ya katani, wakasimama getini pamoja kusubiri gari. Mimi nilikuwa najifanya nafagia. Nilikuwa nimemtilia dagaa wa Nyasa kwenye bakuli lake, wengi kuliko kawaida, hakuwagusa.

Sasa, jirani yetu ukuta kwa ukuta ni mfanyabiashara wa korosho, mtu wa Nakapanya, Tunduru, aliyehamia Songea miaka ya karibuni. Mtaani tunamwita Alhaji. Ni mtu wa kanzu safi na sauti ya chini, na kati yake na mume wangu kulikuwa na salamu tu, tena zile za kuinua mkono, kwa sababu Mwalimu aliwahi kumlalamikia kuhusu mbuzi wake wa Idi iliyopita waliokula michongoma yetu. Idi ya kuchinja ilikuwa imekaribia, na Alhaji alikuwa ameleta mbuzi wengi, wa kwake na wa kuwauzia watu. Aliwaweka kwenye zizi la mabanzi nyuma ya nyumba.

Tulisikia mlio wa mbao kukatika, halafu mbuzi wakatokea. Walipita mbele ya geti letu kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani, wakaingia kwenye maharage ya watu, wengine wakaelekea barabara ya lami. Nyuma yao akatokea Alhaji, kanzu kaishika kwa mikono miwili, kofia imekwenda upande, kandambili moja mguuni.

"Mwalimu!" akapaza sauti. "Nisaidie, ndugu yangu! Wanakwenda kwenye magari!"

Mume wangu alibaki ameshika kamba. Wewe alikuwa amelala chini, masikio juu, mwili unatetemeka vilevile kama siku ile Madaba. Kilichotokea baada ya hapo tunabishana mpaka leo. Mwalimu anasema alimwachia kwa makusudi, baada ya kutathmini hali. Mimi nilikuwa karibu na ninachojua ni kwamba kamba ilimponyoka akabaki ametazama kiganja chake.

Yule mbwa hakuwakimbilia mbuzi. Aliwaacha. Alikwenda pembeni kabisa, mbali, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe chenye miguu, akapita juu ya shamba, akatokea mbele yao karibu na lami, akalala. Mbuzi wakasimama. Akainuka, akapiga hatua, akalala tena. Wakageuka. Wale wa kwenye maharage aliwafuata mmojammoja, bila kubweka hata mara moja, akawaunganisha na wenzao, kisha kundi zima likaanza kurudi njiani kwa mwendo wa adabu. Majirani walikuwa wametoka. Mama mmoja alikuwa ameshika mwiko wa ugali hewani, kasahau kuushusha.

Taabu ni kwamba Alhaji alikuwa katikati ya kundi. Alikuwa amemshika mbuzi mmoja pembe, na kwa hesabu za Wewe, aliye katikati ya kundi ni wa kundi. Alipotaka kutoka pembeni, mbwa akawa pale. Alipotaka kutoka upande mwingine, mbwa akawa pale. Mbuzi wakasonga, Alhaji akasonga, wote wakaingia zizini, na Wewe akalala kwenye lile pengo la mabanzi kulinda asitoke mtu.

"Mwalimu!" sauti ikatoka ndani. "Mwambie mimi siyo mbuzi!"

"Wewe! Njoo!" Mwalimu akaita. Mbwa hakugeuka hata sikio. "Wewe, nimesema njoo!"

"Atanigusa, Mwalimu! Nina udhu!"

Mume wangu alikimbia ndani. Nilidhani anakwenda kuchukua fimbo. Akarudi na ile filimbi yake ya shule, ya mchakamchaka, akavuta pumzi, akaipuliza mara moja, ndefu.

Mbwa alianguka chini kama aliyekatwa miguu, akatulia tuli. Mbuzi walitulia. Watoto waliokuwa wanapita walisimama wima, mikono ubavuni. Mimi mwenyewe niliacha ufagio. Akapuliza mara ya pili, fupi, na Wewe akainuka, akaja mbio mpaka miguuni pake, akaketi. Inaelekea yule mzungu naye alikuwa mtu wa filimbi. Nilimtazama mume wangu usoni. Nilimwona jinsi alivyokuwa siku alipokuja kunichumbia, amenyooka, shati limechomekewa, anajua anachokifanya.

Alhaji alitoka akijikagua kanzu mbele na nyuma.

"Amenigusa?"

"Hakukugusa, Alhaji."

"Una hakika?"

"Mimi ni nesi," nikasema. "Nimeangalia vizuri."

Akapumua. "Alhamdulillahi." Kisha akamgeukia mbwa. "Huyu amefundishwa na nani?"

"Tunaendelea kumfundisha," mume wangu akajibu, bila haya hata kidogo.

Pikapu ya bwana mifugo ilifika wakati huohuo, honi inalia. Mwalimu akamwendea dirishani. "Umechelewa," akamwambia. Bwana mifugo alitazama saa yake, akanitazama mimi, akageuza gari.

Jioni Alhaji alibisha hodi, amenyoosha kanzu nyingine. Alikuwa ameshakwenda kumuuliza shehe. Alikaa kwenye kiti kizima, akaeleza kwa utaratibu: mbwa wa kuchunga sheria inamruhusu, hana neno. Mate yake ndiyo shughuli. Akikulamba, unaosha mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Kwa hiyo yeye haoni tatizo mbwa akifanya kazi, mradi asimlambe.

"Halambi ovyo," Mwalimu akasema. "Ana nidhamu."

Uongo. Alikuwa amenilamba mimi asubuhi hiyohiyo. Lakini makubaliano yalipita. Kila asubuhi, Mwalimu na raba zake na filimbi shingoni, Alhaji na bakora ndefu ya kumkumbusha mbwa mipaka, waliwapeleka mbuzi kwenye majani chini ya milima ya Matogoro. Alhaji alibeba mfukoni mfuko mdogo wa udongo msafi, kwa dharura. Walianza safari wakiwa hawana la kuzungumza. Baada ya muda mfupi nikawa nawasikia wanarudi wakibishana kuhusu bei ya mahindi, kuhusu mpira, kuhusu kama korosho ni tunda au ni mbegu. Mwalimu alikuwa akiingia ndani na vumbi lake, anakula sahani mbili, analala. Jiko langu halikukaguliwa. Chumvi ilikaa ninapotaka.

Kisha Idi ikafika. Wateja walikuja kuchukua mbuzi wao, mbuzi wengine wakachinjwa palepale, na sisi tuliletewa mguu mzima na sinia la pilau. Tulikula, tulifurahi. Kesho yake asubuhi Mwalimu alivaa raba, akatoka na filimbi, akafika kwenye zizi la Alhaji, akalikuta tupu. Nadhani alijua litakuwa tupu. Kujua na kuona ni mambo mawili.

Wewe aliingia zizini, akanusa pembe zote, akazunguka. Alizunguka mara nyingi. Mwalimu alimwangalia, halafu akarudi barazani, akavua raba.

Siku zilizofuata nilimkuta pale kila niliporudi. Chai yake imepoa, haijaguswa.

"Mama, huyu mbwa ana huzuni," akaniambia. "Hataki kula. Hana raha kabisa."

Nilikwenda nyuma kumtazama. Bakuli la mbwa lilikuwa limelambwa likang'aa, na mwenyewe alikuwa amewapanga kuku wangu kwa rangi. Nikarudi, nikaketi karibu na mume wangu.

"Ni kweli," nikasema. "Ana huzuni sana. Sijui tumfanyie nini."

"Ndiyo nakwambia."

Niliwaza kwenda kuzungumza na Alhaji, lakini nikaona aibu. Mtu ana biashara yake ya korosho, nimwambie nini, alete mbuzi kwa sababu mume wangu hanywi chai? Sikulazimika. Ijumaa, baada ya swala, alibisha hodi mwenyewe. Alikataa kuketi. Alizungukazunguka maneno, akaulizia afya, akaulizia watoto wetu mikoani, mwishowe akakohoa.

"Mwalimu, nakwenda nyumbani Nakapanya. Kuna mashamba ya mikorosho ya kuangalia. Nimewaza pia nichukue mbuzi wachache. Majike. Wa maziwa."

"Hunywi maziwa, Alhaji," mume wangu akasema. "Ulisema yanakuvimbisha."

"Nimeanza kunywa," Alhaji akajibu, akatazama pembeni. "Sasa mimi sijui kuchagua mbuzi. Nilitaka mtu wa kunisindikiza."

Waliondoka na basi la asubuhi, wazee wawili wamebeba mikoba kama wanaokwenda bweni. Nilibaki na Wewe peke yangu, na kwa siku hizo nilimkimbiza kabla ya zamu na baada ya zamu, mpaka wagonjwa wakaniuliza kama ninaumwa. Mke wa Alhaji alinichungulia juu ya ukuta, akacheka. "Pole, jirani," akasema. "Mume wangu naye kaniachia kuku. Tangu wamwone mbwa wenu hawatagi."

Walirudi na lori lililokuwa linapeleka mizigo mjini. Mwalimu alishuka mbele akiwa ameungua jua, anatafuna korosho, ameshaanza kusimulia kabla mguu haujagusa ardhi: mikorosho mikubwa kama nyumba, watu wakarimu, namna alivyompinga dalali mpaka dalali akaomba radhi. Nyuma, mbuzi walikuwa wanalia. Alhaji alikuwa kasimama nao, vumbi hadi kwenye nyusi, anatabasamu.

Nilifungua geti. Wewe alichomoka. Mwalimu aliona anakuja, akaweka mkoba chini, akainama, akafungua mikono yote miwili kama mtu anayempokea mtoto kutoka safari. Mbwa akampita. Hakupunguza hata mwendo. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya lori, akalala tumbo chini, jicho kwenye mbuzi.

Mume wangu alibaki mikono imefunguka.

"Hata salamu?" akasema.

"Mwache, Mwalimu," Alhaji akamjibu kutoka juu ya lori. "Yuko kazini."

Nikauokota mkoba, nikaingia ndani kubandika chai.